Senene wa Taa ya Zambarau

Joviana wa Buhembe alifika hospitalini Jumanne asubuhi, kitambaa kichwani na mwavuli mkononi, kutafuta karatasi. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na mgonjwa wa kumtazama. Alitaka daktari aandike kwa mkono wake na kugonga mhuri kwamba mjukuu wake hakuuawa na mdomo wa mama yake.

Alikaa na daktari muda usiotosha hata kuchemsha chai, akatoka mikono mitupu. Kokubanza, mhudumu wa wodi ya wazazi, alikuwa nyuma ya jengo akianika nepi. Alimwona yule mama amesimama kwenye ngazi kama mtu aliyesahau njia ya kwao, akamfuata akamwamkia.

"Binti yangu Alistidia unamkumbuka?" Joviana akauliza. "Yule wa miezi saba."

"Namkumbuka, waitu," Kokubanza akajibu kwa neno la heshima la Kihaya.

Nani angemsahau? Binti alikuwa ameolewa Muleba, akaja Buhembe kwenye harusi ya kaka yake, uchungu ukamshika kabla ya pilau kuiva. Mtoto alizaliwa mdogo kama sungura, akawekwa katika chumba cha joto pamoja na njiti wengine. Siku kumi na mbili mama yake alikaa pembeni akimwimbia kwa sauti ya chini. Siku ya kumi na tatu mtoto akaanza kukohoa, ya kumi na tano akazikwa.

"Aliwala senene," Joviana akasema, na macho yake yakaenda chini kana kwamba ni yeye aliyekula. "Wa kwanza kabisa walipoanguka mwezi uliopita. Alikuwa anamkaangia mumewe, hamu ya mimba ikamshinda, akatia kinywani kiganja kimoja. Hakuna aliyemwona. Baada ya msiba akamwambia mumewe mwenyewe, kwa uchungu tu. Mume akamwambia baba yake mdogo. Sasa Jumamosi wanakaa kikao Muleba. Wanamrudisha nyumbani, na jina la muuaji wa mtoto juu yake."

Kila Mhaya aliujua mwiko huo. Senene, panzi wa kijani wa msimu wa mvua, anakusanywa na mwanamke, ananyofolewa mabawa na miguu na mwanamke, anakaangwa na mwanamke, kisha analiwa na mwanamume. Mwanamke akionja, walisema wazee, atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Wazee hao wote walikuwa wanaume, na walikuwa wanene.

"Daktari amesema nini?"

"Amesema njiti hufa. Amesema hakuna cha kuandika."

Kokubanza akainama kuokota nepi ambayo haikuwa imeanguka. Alijua kilichomuua yule mtoto, alikuwa anakijua tangu wiki iliyopita, na alikuwa amekinyamazia.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, Mwingereza bado anatawala Tanganyika, na hospitali hiyo ya Bukoba, ambayo nitaiacha bila jina kwa sababu majengo hayana kosa, ilikuwa imepata kitu ambacho wilaya nzima ilikuja kukishangaa. Lilikuwa sanduku kubwa la bati lililojengwa ukutani. Pangaboi lilivuta hewa ya nje kupitia wavu wa waya, hewa ikapita kwenye nyaya za moto, ikaingia chumbani kwa watoto ikiwa na joto la kifua cha mama. Na ndani ya sanduku, nyuma tu ya ule wavu, ilikaa taa ndefu ya kioo yenye mwanga wa zambarau. Kazi yake ilikuwa kuua vijidudu vya hewa kabla havijamfikia mtoto.

Aliyeifunga alikuwa fundi Kalasinga kutoka Kampala. Aliwakusanya watumishi watatu, Kokubanza mmoja wao, akawapa somo kwa Kiswahili chake. "Mwanga inaua siyo hii unaona," alisema. "Ile inaua, macho haioni. Usitazame, macho itakuwa kama mchanga ndani. Na Jumamosi kila, zima, futa kioo na spiriti. Ikishika vumbi, ikishika mafuta, itawaka tu kama bibi harusi, kazi hapana." Kokubanza alicheka siku ile, lakini maneno aliyaweka.

Ufunguo wa sanduku alipewa Karugendo, mkuu wa watumishi. Karugendo alikuwa mtu wa kutembea kifua mbele, na kwa miezi sita alifuta taa kila Jumamosi kama alivyoagizwa, huku akihakikisha watu wanamwona. Kisha ukaingia mwezi wa kumi na moja.

Senene na mwanga ni watu na ndugu zao. Walipoanza kushuka juu ya mji, hawakwenda kwenye taa za bandarini wala za kanisani. Walikwenda kwenye zambarau. Asubuhi ya kwanza ukuta wa wodi ulikuwa wa kijani kutoka juu hadi chini, na wavu ulikuwa umezibwa nao kabisa. Mtu mwingine angefagia akaenda zake. Karugendo aliutazama wavu ule kwa huruma, akaona unawazuia wageni mlangoni. Akaukata kwa koleo, akafunga gunia chini ya taa ndani ya sanduku, akaacha taa ifanye kazi aliyoona ni bora zaidi.

Tangu hapo kila asubuhi alitoa gunia limejaa. Hakuna mwanamume Bukoba aliyekuwa na senene wengi kama yeye. Aliwapelekea wakwe, wazee wa kanisa, makarani wa serikali. Jina lake likapaa. Na nyuma ya jiko la hospitali wahudumu wa kike walikaa kwenye mkeka wakinyofoa mabawa. Kokubanza alikaa nao mwezi mzima.

Si wote walioangukia guniani. Wengine walijigonga kwenye kioo cha taa wakaacha mafuta yao pale. Wengine walirundikana kwenye sakafu ya sanduku wakaoza kwa unyevu. Wengine pangaboi liliwavuta mpaka kwenye nyaya za moto, na chumba cha watoto kikanukia senene wa kukaanga. Hapo ndipo penye aibu yetu. Mgeni yeyote, Mzungu au Mhindi, angeshtuka na kuuliza kinachoungua ni nini. Daktari alikuwa safarini Biharamulo wiki zile za mwanzo, akarudi na mafua. Sisi wengine tuliofanya kazi pale tuliingia chumbani, tukavuta pumzi, tukatabasamu. Mhaya gani atalalamikia harufu hiyo? Akina mama walisema chumba kinanukia kama nyumbani, na watoto wao wakaanza kukohoa.

Watoto watatu walikufa katika wiki mbili, wa Alistidia akiwa wa pili. Ni alipokufa wa tatu ndipo Kokubanza, akiwa anafuta kitanda, alipokumbuka ghafla: ikishika mafuta, kazi hapana. Alikaa chini pale pale sakafuni. Kisha akainuka, akaenda kwenye mkeka, akanyofoa mabawa kama jana. Angesema nini, na kwa nani? Neno la senene halikuwa neno la mwanamke. Hivyo ndivyo alivyojiambia kwa wiki nzima, na kila siku sababu hiyo ilizidi kuwa nyepesi.

Sasa Joviana alikuwa anashuka ngazi na mwavuli wake, anarudi Buhembe kumwambia mumewe kwamba karatasi haikupatikana. Kokubanza akaliacha beseni la nepi, akaenda kumtafuta Karugendo.

Alimkuta stoo, ameketi, anakula.

"Taa haijafutwa tangu senene waanze," akamwambia bila salamu. "Naomba ufunguo, nizime niifute."

"Kokubanza," Karugendo akasema kwa upole, kama anayemwonea huruma, "tangu lini mwanamke akawa na neno juu ya senene?"

"Sina neno juu ya senene. Nina neno juu ya taa."

"Taa inawaka. Nenda kaitazame."

"Inawaka, haiui. Fundi alituambia wote watatu. Watoto watatu wamekufa, na mtoto wa Zabibu ameanza kukohoa jana."

Karugendo akaacha kutafuna. Hofu ilimpita usoni, Kokubanza aliiona, kisha akaimeza pamoja na kilichokuwa kinywani. "Msimu umebakiza wiki mbili," akasema. "Wakiisha nitafuta. Na wewe mwenyewe umewachambua, usijifanye malaika."

Lile lilikuwa kweli, na ukweli ule ndio uliomtia nguvu. Liwalo na liwe, akasema moyoni. Akaenda jikoni akachukua shoka la kupasulia kuni.

Chumbani walikuwamo akina mama wawili, Zabibu wa mjini akiwa mmoja wao, mwanamke mcha Mungu aliyekwisha kupoteza mimba mbili. Kokubanza akawaambia wafungue vifua, wawaweke watoto ngozi kwa ngozi, wajifunike khanga na blanketi, chupa za maji ya moto kila upande. "Nazima mashine," akasema.

"Daktari amesema bila mashine watakufa," Zabibu akasema.

"Kwa mashine hii watakufa kabla ya Ijumaa."

Zabibu akasema bismillahi, akafungua vifungo vya blauzi.

Kokubanza akazima swichi, akatoka nje, akapiga kufuli. Pigo la kwanza lilileta wapishi, la tatu likaleta Karugendo akikimbia, la tano likaleta daktari, na kufuli likaanguka miguuni pake. Mlango wa bati ukafunguka. Uvundo uliotoka ulimrudisha daktari hatua mbili nyuma. Rundo la senene waliooza lilikuwa limefika kimo cha goti, juu yake ukungu mweupe na kijani umeota kama sufi. Na ile taa ya kioo, iliyotakiwa kung'aa kama maji, ilikuwa ya kahawia na nzito kwa mafuta, mfano wa sufuria ya mama ntilie.

Daktari alipitisha kidole kwenye kioo, akakitazama kidole, kisha akatazama dirisha la chumba cha watoto. Alikuwa mtu mzuri, niseme haki yake. Aliketi kwenye ngazi akashika kichwa. Lakini watu wazuri nao wana namna yao ya kukuacha njiani, na ya kwake ilikuja jioni alipomwita Kokubanza ofisini.

Taa ilikuwa imeoshwa, sanduku limesuguliwa kwa dawa, wavu mpya umefungwa. Karugendo amepelekwa kufagia ua. Mtoto wa Zabibu alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, anapumua kwa shida lakini anapumua.

"Umefanya vizuri," daktari akasema kwa Kiswahili chake cha serikali, akasukuma ufunguo mpya juu ya meza. "Kuanzia leo taa ni yako, na cheo cha Karugendo ni chako. Ila jambo hili halitoki nje ya ukuta wa hospitali."

"Naomba karatasi ya Joviana, bwana daktari."

"Nikiiandika hiyo, itafika Dar es Salaam. Watakuja kukifunga chumba. Njiti wa mwaka ujao utawapeleka wapi, Kokubanza?"

Swali hilo lilikuwa na uzito, na yeye hakuwa mpumbavu. Alilipima. Alijua pia kwamba cheo kile hakikuwahi kushikwa na mwanamke, na kwamba nyumbani kwake kulikuwa na watoto wanne na mume aliyekwisha kufa. Kisha akamwona Alistidia, binti wa miaka kumi na tisa, anashushwa barabarani Buhembe na sanduku lake, mchana kweupe, watu wanamtazama mdomo.

"Chumba mkilinde wenyewe," akasema. "Yule binti hana wa kumlinda. Kama hakuna karatasi, mimi nitakuwa karatasi."

"Ukienda, usirudi."

"Nimesikia, bwana daktari."

Alirudi kazini hata hivyo, siku tatu mfululizo, na daktari hakumfukuza, pengine akidhani maneno yale yalikuwa hasira tu. Jumamosi alfajiri Kokubanza alizima taa, akaifuta kwa spiriti kutoka ncha hadi ncha, akaiwasha, akamsalimu Zabibu na mtoto wake, ambaye sasa alikuwa ananyonya. Kisha akauweka ufunguo juu ya meza ya daktari, akapanda basi la Muleba.

Kikao kilikuwa kimeanza. Nyumba imetandikwa nyasi mpya, wanaume kwenye viti, wanawake chini kwenye mikeka. Baba mdogo wa mume, Bartholomayo, mzee wa kanisa la Kilutheri, alikuwa anaongoza. Mume, Kashaija, alikuwa ametazama viatu vyake. Alistidia aliketi karibu na mlango, sanduku lake likiwa limefungwa kamba tayari. Mama mkwe wake, bibi Kokuberwa, alikuwa pembeni ameegemea ukuta, mdomo ameufunga.

Wakamkaribisha Kokubanza kwa heshima ya mgeni, wakamletea kikapu cha kahawa za kutafuna. Hakuchukua hata punje. Watu wakatazamana, kwa maana mgeni anayekataa kahawa amekuja na ugomvi.

"Nyegera, waitu," akawasalimu. "Mimi nafanya kazi, au nilikuwa nafanya kazi, katika wodi alimofia mjukuu wenu. Nimekuja kuwaambia kilichomuua."

Akawaambia. Aliwaeleza sanduku, pangaboi, mwanga wa zambarau unaoua na ule usioua. Alieleza wavu uliokatwa, gunia, mafuta juu ya kioo, uozo uliopulizwa juu ya watoto mchana na usiku. Alisema ni watoto watatu, na kwamba mama wa wale wengine wawili hawakuwahi kuonja senene. Hakuficha jina la Karugendo, wala hakulitukana.

"Na wewe ulijuaje?" Bartholomayo akauliza.

"Niliwanyofoa mabawa kwa mikono hii mwezi mzima. Nilijua wanatoka wapi. Nilijua taa inatakiwa kufutwa, maana niliambiwa. Nilipoelewa kwamba inaua watoto, nilinyamaza wiki nzima, kwa sababu walikuwa senene, na senene ni jambo la wanaume."

Alistidia akainua uso. Hakulia. Alimtazama Kokubanza bila kupepesa, na Kokubanza akajilazimisha kutoyaondoa macho yake.

"Mwanamke anayekiri kosa la namna hii," Bartholomayo akasema taratibu, "neno lake tutaliamini vipi?"

"Tata," akasema, kama anayemwita baba, "ningetaka kudanganya ningechagua uongo unaonisafisha."

Mzee mmoja akaguna kukubali. Lakini Bartholomayo hakuwa mtu wa kushindwa nyumbani kwake. "Haidhuru. Sanduku ni sanduku, na mwiko ni mwiko. Alikula akiwa na mimba. Mtoto akafa. Mambo ya Wazungu hayafuti mambo ya wazee."

Ndipo sauti ikatoka ukutani, ya kukwaruza, sauti ya mtu ambaye hakuwahi kusema katika vikao.

"Mimi niliwala."

Wote wakageuka. Bibi Kokuberwa alikuwa bado ameegemea, mikono mapajani.

"Niliwala nikiwa na mimba ya huyu," akasema, akamwonyesha Kashaija kwa kidevu. "Si kiganja kimoja. Kila msimu. Wakati marehemu mume wangu yuko shambani, mimi niko jikoni. Na mama mkwe wangu alikuwa anakula, alinifundisha kuwatia chumvi. Mtazameni kichwa."

Wakamtazama. Hawakuweza kujizuia. Kichwa cha Kashaija kilikuwa cha duara kama chungu, na kilizidi kuinama kadiri walivyokitazama. Mwanamke mmoja kwenye mkeka akaanza kucheka, akajifunika khanga, na kicheko kikapita chini ya khanga zote. Hawakuwa wanamcheka Kashaija. Bartholomayo aliwatazama mmoja mmoja, mke wake mwenyewe akiwemo, na alichokiona kwenye nyuso zile kilimfanya aketi.

"Mama," Kashaija akasema, "mbona hukusema? Wiki mbili hizi, mbona ulinyamaza?"

"Kwa sababu ile ile ya huyu mgeni," bibi akajibu. "Na naona haya kama yeye."

Hakuna aliyetangaza kwamba kikao kimekwisha. Wanaume walitoka mmoja mmoja kwenda kutazama ng'ombe. Kashaija akapiga magoti mbele ya mkewe akaanza kufungua kamba ya sanduku. Alistidia akaweka mkono juu ya fundo.

"Acha," akasema. "Nikitaka kulifungua nitalifungua mimi. Sijaamua."

Akainuka, akamwendea Kokubanza. Wakasimama uso kwa uso.

"Alipoanza kukohoa," akasema, "wewe ndiye uliyeniletea maji. Ulikuwa unajua?"

"Siku ile bado. Lakini mabawa niliyatoa asubuhi ile ile."

Alistidia akavuta pumzi. "Usiku nilikuwa najishika koo," akasema. "Natamani kuwatapika. Wiki mbili nzima nimejua kwamba nimemuua mwanangu kwa kiganja kimoja." Hapo machozi yakamtoka, na hakuyafuta. "Sijakusamehe."

"Sikuja kwa hilo, mwanangu."

"Najua. Ungekuja kwa hilo nisingekusikiliza." Akachukua khanga yake ukutani, akajitanda. "Basi la Bukoba linapita saa tisa, na barabara ni mbali. Twende nikusindikize."

Bibi Kokuberwa akainuka kwa kushika ukuta, akasema na yeye anakwenda. Mke wa Bartholomayo akafuata, kisha wengine kutoka kwenye mikeka, mpaka nyumba ikabaki na wanaume na nyasi. Wakaipita migomba wakiwa kundi, Alistidia mbele, na walipokutana na watu njiani waliouliza msafara huu ni wa nini, Alistidia ndiye aliyejibu, kwa sauti, akamweleza kila mmoja mtoto wake alikufa kwa nini.